Gustave Courbet na uhalisia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Courbet ni nani hasa?

Ni mchoraji wa Kifaransa. Alizaliwa tarehe 10 Juni 1819 huko Ornans, mji mdogo katika bonde la mto Loue, mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi. Alifariki tarehe 31 Desemba 1877 akiwa uhamishoni Uswisi. Baba yake, Régis, alikuwa mkulima mwenye mashamba na mizabibu. Si tajiri wa mjini, lakini si mtu wa kulala njaa.

Vitabu vingi humwita baba wa uhalisia katika uchoraji. Ukitaka kumwelewa haraka, shika jambo moja: ugomvi wake na wakubwa wa sanaa ulihusu nani anastahili kuchorwa kwa ukubwa. Mengi ya hapa chini, hadi ile kesi ya mnara wa Vendôme uliobomolewa Paris, yanaanzia hapo.

Jina lake linatamkwaje?

"Kurbe". Ile t ya mwisho haisikiki.

Uhalisia si ndiyo kuchora kitu kifanane kabisa na picha ya kamera?

Hapana. Siku hizi mtu akichora uso kwa penseli hadi vinyweleo vinahesabika, watu humsifu kwamba amechora uhalisia. Huo ni ufundi, tena mgumu, ila Courbet hakuwa huko. Waliolainisha ngozi mpaka hata alama ya brashi isionekane walikuwa wapinzani wake, wale wa vyuo rasmi waliokuwa wakichora miungu ya Kigiriki na malkia wa kale. Yeye aliacha rangi nene, mikwaruzo ikionekana.

Uhalisia wake ulianza kabla hajashika brashi, katika kuchagua cha kuchora. Aliamini kwamba mchoraji wa karne ya 19 achore karne ya 19: watu aliowaona, nguo zao, kazi zao, misiba yao. Kuna maneno ambayo husimuliwa kuwa alimjibu mtu aliyemtaka achore malaika: nionyesheni malaika, nitamchora.

Na wala hakuikwepa kamera. Kwa ajili ya yule mwanamke aliyesimama uchi katikati ya picha yake kubwa ya mwaka 1855, "Studio ya Mchoraji", alimwandikia rafiki yake Alfred Bruyas, mkusanyaji wa picha wa Montpellier, amtumie picha ya kupigwa. Rafiki yake mwingine, mwanafikra Pierre-Joseph Proudhon, alipofariki mwaka 1865, Courbet alimchora kwa kutumia picha na kumbukumbu. Kamera kwake ilikuwa chombo cha kazi tu.

Alisomea wapi uchoraji?

Alifika Paris mwaka 1839, familia ikitarajia asome sheria. Sheria ikawekwa kando upesi. Alipitia studio moja mbili bila kukaa sana, lakini shule yake ya kweli ilikuwa Louvre, makumbusho makuu ya Paris, ambako alinakili Wahispania, Waholanzi na Waitalia wa Venice. Baadaye alisafiri Uholanzi kuwaona akina Rembrandt kwao. Ndiyo maana picha zake za mwanzo zina giza jingi.

Maonyesho makuu ya Paris, yaliyoitwa Salon, yalikuwa na jopo la waamuzi, na jopo hilo lilimrudishia picha nyingi kuliko ilizopokea. Kati ya mwaka 1841 na 1847 alipeleka zaidi ya 20. Zilizopita ni 3.

Sasa ilikuwaje mtu anayekataliwa hivyo akaingiza picha kubwa kama "Mazishi Ornans"?

Hili watu wengi hulipita, nami naliona kuwa ufunguo wa habari yote. Mwaka 1849 Courbet alipeleka picha ya jioni nyumbani kwao Ornans: wanaume wamemaliza kula, mmoja anapiga fidla, mwingine anawasha kiko, mbwa amelala chini ya kiti. Serikali iliipenda, ikainunua kwa ajili ya makumbusho ya Lille, na Courbet akapewa medali ya dhahabu ya daraja la pili.

Medali hiyo ilikuwa na masharti mazuri ajabu. Aliyeipata hakupaswa tena kupita mbele ya jopo la Salon. Yaani waliompa walimfungulia mlango wenyewe, na safari iliyofuata aliingia nao na turubai ambalo jopo lolote lingelitupa nje.

"Mazishi Ornans" inaonyesha nini, na kelele zilikuwa za nini?

Tuanze na vipimo. Turubai lina urefu wa mita 3.15 kwenda juu na linazidi mita 6.6 kwa upana. Watu zaidi ya 40 wamesimama humo kwa ukubwa wao halisi. Ukiitazama kwenye simu huwezi kupata habari hii. Unaona mstari mweusi wa watu, basi.

Katika mila za uchoraji wa Ufaransa, ukubwa ulikuwa cheo. Turubai la mita 6 lilikuwa la Napoleon vitani, la Yesu msalabani, la mfalme akitawazwa. Wakulima, vyombo vya jikoni na michezo ya watoto vilikuwa na nafasi yao pia, lakini kwenye picha ndogo za kutundika sebuleni, ikiwezekana zenye kuchekesha kidogo. Courbet alichukua kipimo cha mfalme akakipa mji wake mdogo, kwenye maziko ya mtu ambaye hata jina lake halikutajwa kwenye picha.

Isogelee sasa. Katikati, chini kabisa, kuna kaburi lililo wazi, na ukingo wa picha umelikata, kiasi kwamba mtazamaji anajikuta amesimama ukingoni mwa shimo. Fuvu limetupwa kando. Mchimba kaburi amepiga goti moja, amebaki na mikono ya shati, ameinua kichwa anasubiri padri amalize ili aendelee na kazi. Padri anasoma kitabu. Nyuma yake watumishi wawili wa kanisa wamevaa majoho na kofia nyekundu, na pua zao ni nyekundu vilevile. Wapinzani walisema hao wamelewa. Upande wa kulia wanawake wa mavazi meusi wanafuta machozi kwa leso. Mbwa mweupe amegeuza kichwa anaangalia kwingine. Kwa kweli karibu kila mtu anaangalia kwake: mmoja chini, mmoja pembeni, mmoja hewani. Msalaba umeinuliwa juu ya vichwa, nyuma kuna majabali ya chokaa ya Ornans, na mbingu haifunguki. Hakuna roho inayopaa wala malaika anayeshuka.

Waliomwekea mkao walikuwa watu wenyewe wa pale: meya, padri, mchimba kaburi, baba yake mchoraji, mama yake, dada zake. Walikuja mmoja mmoja kwenye studio finyu aliyotengewa na familia, ambamo hakuweza hata kurudi nyuma akaiona picha nzima. Pengine ndiyo sababu watu wamepangwa kwa mstari vile, bega kwa bega, bila kiongozi wa tukio.

Picha ilitundikwa katika Salon ya 1850–51. Magazeti yaliandika kwamba Courbet anatukuza ubaya wa sura, kwamba anadhihaki dini. Wachora katuni wakapata riziki. Lakini kumbuka tarehe: miaka miwili nyuma, mapinduzi ya 1848 yalikuwa yamempa kura kila mwanamume wa Ufaransa, mkulima akiwemo. Wenye nafasi mjini Paris walikuwa na hofu yao juu ya watu wa vijijini. Kisha wakaingia kwenye maonyesho, wakawakuta watu hao hao wamesimama mbele yao, kimo chao kamili, hawaombi ruhusa.

Naomba habari za "Wavunja Mawe". Iko makumbusho gani?

Haipo tena. Ilikuwa Dresden, Ujerumani, ikateketea Februari 1945 kwenye mabomu ya vita wakati picha zikihamishwa. Tulichobaki nacho ni picha za kupigwa na maelezo ya Courbet mwenyewe kwenye barua.

Alisema aliwaona njiani, wawili wakivunja kokoto za barabara, akawaomba waje studio. Mmoja ni mzee wa miaka kama 70 aliyepiga goti, kofia ya majani kichwani, soksi zimetoboka hadi kisigino kinaonekana ndani ya viatu vya mbao. Mwingine ni kijana anayeinua karai la mawe, shati limechanika mgongoni. Pembeni kuna sufuria yao ya chakula na kijiko. Nyuso zao hazionekani vizuri; mzee amefunikwa na kofia, kijana ametupa mgongo. Katika barua Courbet aliandika jambo ambalo picha nayo inalisema: katika kazi hii unaanza kama yule kijana na kumalizia kama yule mzee.

Proudhon aliiona hii kuwa hotuba nzima ya kisiasa. Mimi naona nguvu yake iko katika kutohubiri. Mzee hamtazami mtu ili aonewe huruma. Ana nyundo, ana kazi.

Kibanda chake cha 1855 kilikuwa cha nini?

Mwaka huo Paris iliandaa Maonyesho ya Dunia, na sehemu ya sanaa ilikuwa na jopo lake, hivyo ile medali haikumsaidia. Alipeleka picha 14, zikapokelewa 11. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini kati ya 3 zilizokataliwa zilikuwemo "Mazishi Ornans" na ile mpya, "Studio ya Mchoraji", yenye mita 3.6 kwa karibu 6. Kubwa mno, walisema.

Courbet akajenga ukumbi wake wa muda jirani na maonyesho rasmi, akaandika mlangoni "Uhalisia", akatundika picha kama 40 na kutoza kiingilio cha faranga 1. Ndani ya orodha ya picha aliweka tamko fupi: jina la mhalisia amebandikwa, kama walivyobandikwa waliomtangulia majina yao, na nia yake ni kuonyesha desturi, fikra na sura ya zama zake kama anavyoziona, yaani kufanya sanaa iliyo hai.

Kibiashara alikula hasara. Kiingilio kikashushwa hadi nusu, watu bado wachache. Ila Eugène Delacroix, mchoraji mkongwe wa kundi jingine kabisa, alifika Agosti, akakaa humo peke yake karibu saa nzima, akaandika katika shajara yake kwamba walioikataa "Studio" wamekataa moja ya kazi za ajabu za zama hizo.

"Studio ya Mchoraji" ina maana gani?

Courbet amekaa katikati anachora mandhari ya kwao, mtoto mdogo wa kijijini akimwangalia na mwanamke asiye na nguo amesimama nyuma yake. Kulia kuna marafiki: Bruyas, Proudhon, mwandishi Champfleury, na mshairi Baudelaire kwenye kona anasoma. Kushoto kuna watu wa dunia ya nje: mwindaji na mbwa wake, mfanyabiashara wa nguo, mwanamke maskini wa Ireland ananyonyesha. Wasomi wengi wanaamini yule mwindaji ni Mfalme Napoleon III, na kama ndivyo, ni utani wa hatari kwa wakati ule.

Courbet mwenyewe aliita picha hii istiari halisi ya miaka saba ya maisha yake ya sanaa. Istiari halisi! Maneno mawili yanayovutana, na alijua. Kwangu mimi picha imejaa mno, na upande wa kushoto umebaki nusu giza kama kazi iliyokatishwa na tarehe ya mwisho. Ila ile sehemu ya katikati, kipande cha mandhari kinachong'aa ndani ya chumba chenye vumbi, ni ya kukaa nayo.

Ni kweli aliweka fahali darasani?

Kweli. Mwishoni mwa mwaka 1861 vijana waliochoshwa na chuo rasmi walimwomba awafundishe. Aliwajibu kwa barua ya wazi kwamba sanaa haifundishiki, na yeye hawezi kuwa na wanafunzi, bali wenzake wa kusaidiana. Kisha akakubali. Badala ya sanamu ya plasta ya Kigiriki, mfano wa kuchora ukawa fahali hai aliyeshikwa kamba na mkulima wake, humo humo ndani ya chumba Paris. Darasa lilidumu miezi michache tu.

Alichoraje? Alitumia nini?

Rangi za mafuta kwenye turubai, na mara nyingi kisu badala ya brashi. Kwanza alipaka turubai lote rangi nzito ya kahawia au karibu nyeusi. Kutoka gizani humo alipanda kuelekea mwanga, na weupe ukaja mwisho. Alieleza kwamba hata dunia bila jua ni giza. Yeye anafanya kazi ya jua, anaangaza sehemu zilizotokeza.

Kisu ni kile chembamba cha kuchanganyia rangi. Kwenye picha za majabali ya bonde la Loue alikipaka rangi, akakilaza bapa juu ya turubai na kukivuta. Rangi ikashika hapa, ikaruka pale, na tayari una uso wa jiwe la chokaa wenye nyufa na ukungu. Kwa jiwe, njia hiyo haina mfano. Mwaka 1869 alikaa Étretat, pwani ya Normandy, akatumia kisu hicho hicho kwenye mawimbi, na povu lake lina uzito wa plasta ya ukutani. Mchoraji Cézanne na wenzake waliiangalia kazi hii kwa makini.

Ubaya wa msingi mweusi ni kwamba miaka ikienda giza hupanda juu. Picha zake kadhaa leo ni nyeusi kuliko alivyoziacha.

Kwa nini alichora wanawake uchi wakati alikuwa mtu wa wakulima?

Alichora kila kitu: mawindo, samaki, theluji, maua, watu uchi. Mwili uchi haukuwa mwiko Salon, mradi uitwe Venus. Kosa lake mwaka 1853 lilikuwa kuonyesha mwanamke mnene akitoka kuoga mtoni, nguo zake zimetundikwa mtini, yaani mwanamke wa kawaida kabisa, kwa ukubwa wa kuzidi kimo cha mtu. Husimuliwa kwamba Napoleon III aliichapa picha hiyo kwa fimbo ya farasi. Bruyas aliinunua, na ndiyo iliyoanzisha urafiki wao.

Picha zake za wazi zaidi, za mwaka 1866, zilikuwa za mteja binafsi, Khalil Bey, mwanadiplomasia wa Dola ya Uthmaniya aliyeishi Paris. Mojawapo ilifichwa nyuma ya mapazia na vibao kwa zaidi ya karne, na ilipoingia Makumbusho ya Orsay mwaka 1995 ilikuwa imetoka katika familia ya Jacques Lacan, daktari wa nafsi.

Alioa?

Hakuoa. Alikuwa na mtoto wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1847, na Virginie Binet. Mama na mtoto waliondoka wakaenda zao.

Ni yeye aliyeangusha mnara wa Vendôme?

Jibu fupi ni hapana, ila alishalisema jambo hilo kwa sauti kubwa.

Mnara wa shaba wenye zaidi ya mita 40 ulisimamishwa na Napoleon I kwa mizinga aliyoteka vitani. Juni 1870 Courbet alikuwa amekataa nishani ya heshima ya serikali, akiandika kwamba dola haina ujuzi wa kuamua mambo ya sanaa. Miezi michache baadaye mfalme Napoleon III akashindwa na Wajerumani, jamhuri ikatangazwa, na Courbet, akiwa mwenyekiti wa tume ya kulinda kazi za sanaa, akapeleka ombi la Septemba 14 kwamba mnara ufunguliwe skrubu zake na vipande vihamishwe. Aliuona kuwa wa kusifu vita na usio na thamani ya sanaa.

Kisha likaja baraza la mapinduzi la Paris, Commune, Machi 1871. Amri ya kubomoa mnara ilipitishwa tarehe 12 Aprili. Courbet alichaguliwa kuingia baraza hilo tarehe 16 Aprili, siku nne baada ya amri. Mnara ulianguka tarehe 16 Mei. Commune nayo ikazimwa kwa damu kabla Mei haijaisha, na Juni 7 Courbet akakamatwa.

Mahakama ya kijeshi ilimpa kifungo cha miezi 6 na faini ya faranga 500. Ukilinganisha na waliopigwa risasi au kupelekwa makoloni ya mbali, alipona. Mwaka uliofuata picha zake zilikataliwa Salon, na aliyeongoza kumkataa alikuwa Ernest Meissonier, mtu aliyetajirika kwa kuchora Napoleon na farasi wake kwenye picha ndogo ndogo. Ule ugomvi wa cheo cha ukubwa ulikuwa umempata Courbet.

Na lile deni la miaka 33?

Mei 1873 serikali mpya ya Rais MacMahon iliamua mnara ujengwe upya kwa gharama za Courbet. Julai akavuka mpaka kuingia Uswisi kabla mali zake hazijakamatwa zote. Akaishi La Tour-de-Peilz, kando ya ziwa la Geneva, akichora ngome ya Chillon na milima ya Alps, na akinywa kupita kiasi.

Hesabu ilipokamilika mwaka 1877 ilifika faranga 323,091 na senti 68. Zile senti 68 naziona kila nikisoma habari hii. Kuna karani aliyezijumlisha. Alitakiwa kulipa faranga 10,000 kila mwaka kwa miaka 33, yaani hadi umri wa miaka 91. Mwili ulikuwa umevimba maji. Alifariki tarehe 31 Desemba 1877, siku moja kabla ya awamu ya kwanza ya malipo. Mabaki yake yalirudishwa Ornans mwaka 1919.

Nimeona "Courbet" inauzwa mtandaoni. Ninunue?

Pole pole. Miaka ya uhamishoni alihitaji fedha na aliajiri wasaidizi, anayejulikana zaidi akiwa Cherubino Pata, ambao walichora mandhari yeye akatia sahihi, au akagusa hapa na pale. Juu ya hizo kuna za kughushi kabisa. Mandhari ya Uswisi ya miaka ya 1870 yenye sahihi nyekundu kubwa isikupe haraka. Bila historia ya umiliki na mtaalamu wa kujitegemea, ni turubai lenye jina tu.

Kazi zake ziko wapi leo?

Makumbusho ya Orsay, Paris, ndiyo yenye "Mazishi Ornans" na "Studio ya Mchoraji". Musée Fabre ya Montpellier ina mkusanyo wa Bruyas, ikiwemo ile ya waogaji ya mwaka 1853 na ile ambayo Courbet, ndevu mbele, anakutana na Bruyas barabarani. Ornans wana makumbusho yake, na Metropolitan ya New York ina nyingi. Picha yake ya ujanani, ile ya macho makali na mikono kwenye nywele inayosambazwa sana mitandaoni, inamilikiwa na taasisi ya makumbusho ya Qatar.

Nianze na picha ipi?

Ukipata nafasi ya kufika Orsay, "Mazishi", na usimame kushoto kwanza, walipo wabeba jeneza, utembee nayo hadi kwa wanawake. Kama ni mtandaoni, anza na wimbi lolote la 1869 au 1870 kwa sababu ni dogo kuliko "Mazishi" na linaingia kwenye kioo bila kupoteza sana. Tovuti za makumbusho huruhusu kuvuta picha karibu hadi uone njia ya kisu. Mazishi yasubiri kioo kikubwa.